Vijana, injini nzuri hupimwa ikienda polepole

Ukitaka kujua kama injini ndogo ya treni imeundwa vizuri, usiipe stima yote. Ipe kidogo tu. Iweke juu ya reli, zungusha kidhibiti taratibu hadi ianze kusonga, kisha itazame kwa makini. Ikiruka kama chura aliyemwagiwa maji moto, bado. Ikikwama kila baada ya sentimita mbili, bado. Lakini ikianza kutambaa bila kutetemeka, hadi unaweza kuhesabu mzunguko wa kila gurudumu, jua hapo fundi amefanya kazi. Kasi ni rahisi. Mota yoyote iliyotolewa kwenye gari la kuchezea ina kasi. Kazi iko kwenye ule mwendo wa pole.

Najua unachofikiria. Treni ndogo? Si hizo ni za watoto, ama za wazee wa ng'ambo waliostaafu na pesa zao? Tulia kidogo, msomaji. Nataka kukuonyesha kwamba kujenga na kuboresha modeli za injini za dizeli ni mojawapo ya shule nzuri za ufundi ambazo kijana wa mjini anaweza kujifungulia mwenyewe. Na somo lake kubwa ni lile ambalo kizazi chetu kimenyimwa: kuchukua kitu kibovu kilicho mkononi na kukirekebisha hatua kwa hatua, badala ya kukitupa na kungoja kipya.

Hesabu kwanza

Tuanze na hesabu, manake hapa ndipo wengi hutoroka. Kipimo kinachotumika sana duniani kwa treni ndogo kinaitwa HO. Ndani yake kila kitu kimepunguzwa mara 87. Injini ya urefu wa mita 20 inakuwa ya sentimita 23, inaingia kwenye sanduku la viatu. Mtu wa mita 1.74 anakuwa wa sentimita 2.

Sasa njoo nyumbani. Reli za SGR zimeachana kwa milimita 1,435. Gawanya kwa 87, utapata milimita 16.5, na hiyo ndiyo nafasi ya reli za HO zinazouzwa kote ulimwenguni. Maana yake, modeli ya injini ya Madaraka Express inaweza kukaa kwenye reli hizo za dukani bila kubadilisha kitu. Reli yetu ya zamani, ile iliyofika kwenye Ziwa Victoria mwaka wa 1901, ina upana wa mita moja. Gawanya kwa 87, unapata milimita 11.5. Wanaojenga treni za aina hiyo hutumia reli za milimita 12. Yaani kwa kikokotoo cha simu tu, tayari umeanza kuchora.

Hesabu ya mwendo ndiyo tamu zaidi. Treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa, ukiipunguza mara 87, inatembea sentimita 19 hivi kwa sekunde. Injini ya kusukuma mabehewa kwenye yadi, ambayo kwa kawaida huenda kama mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, inakuwa na mwendo wa sentimita 1.6 kwa sekunde. Pima sentimita 1.6 kwenye kidole chako. Huo ndio mwendo unaotakiwa kuupata bila injini kusimama wala kuruka.

Gurudumu la mita moja linakuwa la milimita 11.5. Kwa mwendo huo wa yadi, halimalizi hata mzunguko mmoja ndani ya sekunde mbili. Ilhali mota ndogo ya stima hupenda kuzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kati ya mota hiyo yenye wazimu na gurudumu hilo lenye subira, lazima kuwe na gia. Hakuna aliyekulazimisha kukariri chochote kwa ajili ya mtihani, lakini tayari umeelewa ni kwa nini gia zipo duniani.

Dizeli haizungushi magurudumu

Hapa kuna jambo ambalo wasee wengi hawalijui. Tunadhani injini ya dizeli ya treni inafanya kazi kama ya matatu: mafuta yanachomeka, gia zinashika, shafti inazungusha magurudumu. Kwa injini nyingi kubwa za treni, mambo hayako hivyo. Dizeli inazungusha jenereta. Jenereta inatoa stima. Stima inakwenda kwenye mota zilizofungwa pale kwenye ekseli, na mota hizo ndizo zinazozungusha magurudumu. Kwa lugha rahisi, kile kidude kirefu unachokiona kikivuta kontena kutoka Mombasa ni kituo cha kuzalisha stima kilichowekewa magurudumu.

Sababu yake ni nzuri pia. Injini ya dizeli haiwezi kuanza kuvuta ikiwa imesimama kabisa. Lazima kwanza iwe inazunguka. Mota ya stima ina nguvu nyingi sana pale pale inapoanza kutoka sifuri. Ukiwa na maelfu ya tani nyuma yako, hiyo nguvu ya kuanzia ndiyo uhai. Injini za China zilizokuja na SGR hufanya kazi kwa njia hii, na vivyo hivyo zile za General Electric kutoka Marekani ambazo zimevuta mizigo kwenye reli ya zamani kwa miaka mingi.

Sasa rudi kwenye ile injini ndogo ya meza. Nayo inazungushwa na mota ya stima. Ina bogi mbili, zile fremu za magurudumu zinazojipinda kwenye kona (usichanganye na mbogi ya mtaani kwenu). Ina gia kwenye ekseli. Ina nyaya zinazochukua stima, mbele na nyuma. Kilichokosekana ni dizeli yenyewe tu. Kwa hivyo anayesema modeli ni mchezo, muulize kwanza kama anajua ya kweli inavyofanya kazi. Mara nyingi utamwona akitafuta simu yake.

Hasla aliyekimbia bure

Wacha nikupe kisa cha kweli kutoka Marekani. Huko California kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye Irvin Athearn, ambaye kampuni yake iliingia kwenye treni ndogo ikiwa na wazo moja: ziwe za bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kumudu. Injini zake ziliuzwa kwenye masanduku ya buluu, na mnunuzi alimalizia kazi mwenyewe nyumbani. Hadi leo wapenzi wa treni ndogo huziita kwa jina hilo, Blue Box.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, ili kupunguza gharama, kampuni hiyo ilitoa injini za dizeli zisizo na gia kabisa. Mota ilizungusha shafti, na shafti ikazungusha ekseli kwa raba bendi. Ndiyo, raba bendi, jamaa wa zile za kufungia noti sokoni. Mojawapo ilikuwa injini fupi ya yadi, na jina lake lilikuwa Hustler.

Sizungumzii siasa hapa, tulia. Jina ndilo hilo, nami sikulichagua. Na sifa yake kubwa ilikuwa nini? Kukimbia. Kwa kuwa hakukuwa na gia za kupunguza mzunguko, Hustler ilichomoka kwenye reli kama mshale. Injini ya yadi, ambayo kwa kweli kazi yake ni kusukuma behewa moja moja kwa utaratibu, ilikuwa inakimbia kupita treni yoyote ya abiria. Ilisisimua macho, lakini ukiifunga mabehewa na kuiambia ifanye kazi yake ya yadi, ilishindwa. Raba bendi nazo zilikauka na kukatika.

Wenye injini hizo walifanya nini? Wengine waliziweka kabatini, bila shaka. Lakini wengine walizifungua. Wakatoa raba bendi, wakaweka gia. Wakabadilisha mota. Wakaongeza uzito. Ikawa ni kama mashindano: nani ataifanya Hustler itambae? Kifaa cha bei rahisi, chenye kasoro iliyo wazi, kikageuka kuwa darasa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, msomaji. Kama injini ile ingetoka kiwandani ikiwa kamili, mtu angeinunua, aiweke juu ya reli, aitazame dakika kumi, kisha arudi kwenye televisheni yake. Kasoro ndiyo iliyomfundisha. Nasi tunaishi kwenye jiji lililojaa vitu vyenye kasoro, na tunaambiwa kila siku kwamba dawa ni kununua. Simu ikichoka, nunua. Spika ikikwaruza, nunua. Kama huna doo, ngoja hadi uomoke, halafu nunua. Hakuna anayetuambia tufungue.

Unarekebisha nini hasa?

Nisikuachie maneno matupu. Hizi ndizo kazi anazofanya mtu anayeboresha injini ndogo ya dizeli, na utaona kila moja inabeba somo lake.

Kwanza, usafi. Stima ya injini ndogo hutoka kwenye reli, inapitia magurudumu hadi kwenye mota. Uchafu kidogo ukiingia katikati, injini inakwama. Kabla ya kuvunja chochote, chukua kitambaa chenye spiriti kidogo na ufute magurudumu na reli. Injini nyingi zinazodaiwa kuharibika huwa zimechafuka tu. Fundi yeyote wa kweli atakuambia hivyo kuhusu vifaa vingi vya stima.

Pili, gia. Gia za plastiki zikitoka kiwandani huwa na vinundu vidogo visivyoonekana, ambavyo hufanya injini iende kwa kushtukashtuka. Dawa ya zamani ni dawa ya meno. Sitanii. Dawa ya meno ina unga laini unaosugua. Unapaka kidogo kwenye gia, mota ikiwa imetolewa na kuwekwa mbali, unazizungusha kwa dakika kadhaa, kisha unaziosha kwa maji na sabuni ya vyombo hadi isibaki hata chembe. Zikishakauka, tone moja dogo la mafuta mepesi yasiyodhuru plastiki, basi. Ukiacha dawa ya meno ndani itaendelea kula gia hadi ziishe. Hapo umejifunza msuguano: adui yako ukimpuuza, mfanyakazi wako ukimpangia muda.

Tatu, uzito. Injini nyepesi inazungusha magurudumu palepale bila kwenda popote, kama gari lililokwama kwenye tope. Ndiyo maana mafundi huongeza vipande vya chuma au risasi ndani ya bodi, wakisawazisha mbele na nyuma. Injini za kweli nazo ni nzito kwa sababu hiyo hiyo. Bila uzito, magurudumu ya chuma hayashiki reli ya chuma.

Nne, gurudumu zito la shaba kwenye shafti ya mota. Likishaanza kuzunguka halitaki kusimama ghafla, kwa hivyo stima ikikatika kwa nukta moja kwenye reli chafu, injini inateleza na kupita bila wewe kujua. Pia inaanza taratibu na kusimama taratibu, kama kitu chenye tani mia moja.

Tano, taa. Toa balbu ya zamani inayopata joto na kuyeyusha plastiki, weka taa ya LED. Lakini LED nyeupe inahitaji volti 3 hivi, na reli ina volti 12. Hizo 9 zilizobaki lazima zizuiwe na rezista. Weka rezista ya omu 1,000, gawanya 9 kwa 1,000, unapata miliampea 9, na taa inawaka salama. Hiyo ndiyo kanuni ya Ohm, ile uliyoiona kwenye kitabu cha fizikia ukauliza itakusaidia wapi maishani. Itakusaidia hapa, leo jioni.

Sita, ubongo. Kwenye mfumo wa zamani, ukiongeza volti kwenye reli, kila injini iliyo juu yake inaondoka pamoja. Mfumo wa kidijitali uitwao DCC, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kanuni ya pamoja na chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani miaka ya 1990, hufanya tofauti. Reli inabeba stima na ujumbe kwa wakati mmoja. Kila injini ina kidude kidogo kiitwacho dikoda, chenye nambari yake. Unaita nambari, injini moja inaitika na nyingine zinakaa kimya.

Na hapa kuna mtego maarufu. Kwenye zile injini za zamani za sanduku la buluu, upande mmoja wa mota umeguswa na fremu ya chuma, na fremu hiyo inabeba stima ya reli. Ukifunga dikoda bila kuitenga mota na fremu, dikoda inaungua. Hapo garimoshi lako linatoa moshi wa kweli. Kwa hivyo kabla ya kuunganisha, unachukua mita na kupima: je, kuna njia ya stima kati ya mota na fremu? Kama ipo, hujamaliza. Tabia ya kupima kabla ya kuwasha ndiyo inayomtenganisha fundi na mbahatishaji, iwe ni kwenye treni ya mezani au kwenye bodi ya televisheni ya mteja.

Badilisha kitu kimoja

Juu ya haya yote kuna sheria moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, kisha ubadilishe kingine. Ukisafisha magurudumu, ukaweka mota mpya na kusugua gia kwa siku moja, injini ikiendelea vizuri hutajua kilichosaidia. Ikizidi kuharibika, hutajua kilichoharibu.

Unawajua mafundi wa aina mbili kule Luthuli. Kuna yule unayempelekea simu isiyochaji, anabadilisha betri, halafu tundu la chaji, halafu ati ni bodi, na kila hatua unalipa. Na kuna yule anayetulia, anapima, anauliza ilianza lini, anagusa sehemu moja tu na inawaka. Huyo wa pili hakuzaliwa hivyo. Amefungua vitu vingi, akakosa, akaandika kichwani. Injini ndogo inakupa nafasi ya kukosa bila mteja kukusimamia na bila mtu kuumia. Ni volti 12, si stima ya ukutani.

Lakini hizo si za wenye pesa?

Swali ni la haki, na sitalikwepa. Ndiyo, modeli mpya zenye kila kitu ndani ni ghali, na ukiongeza kuagiza kutoka ng'ambo pamoja na ushuru, unaweza kulia. Kama mpango wako ni kununua, hii si shughuli ya mtu wa kipato chetu.

Ila hoja yote hapa ni kujenga. Mota ziko kwenye printa zilizokufa, kwenye vichezeshi vya DVD ambavyo hakuna anayevitaka tena na kwenye magari ya kuchezea yaliyovunjika. Zile mota za njano zenye gia ndani yake, wanazotumia wanafunzi wa roboti, zinapatikana kwenye maduka ya elektroniki mjini. Ni kubwa kwa HO, lakini hakuna sheria inayokukataza kujenga kwa kipimo kikubwa zaidi. Bodi unaweza kukata kwenye kadibodi ngumu ya sanduku la viatu, ama kwenye plastiki ya vifuniko vya vyombo vya chakula. Kadi ya benki iliyoisha muda ni plastiki nzuri sana ya kukatia madirisha na milango. Rula, wembe, gundi, karatasi ya msasa na uvumilivu. Reli unaweza kuzianza kwa vipande viwili vya waya mgumu vilivyonyooshwa juu ya ubao.

Na cha kujenga kipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli za Afrika Mashariki zilipokea injini kubwa za dizeli kutoka kwa kampuni ya English Electric ya Uingereza. Baadaye zikaja za Marekani. Mwaka wa 2020 zikaja treni za abiria zilizokuwa zikihudumu kisiwa cha Mallorca, Uhispania, mtumba wa reli, zikapakwa rangi na kuanza kubeba watu wa Nairobi. Sijawahi kuona modeli ya hizo za reli ya zamani kwenye duka lolote hapa mjini. Ukiitaka mezani kwako, utaijenga.

Na hilo lina uzito kuliko unavyodhani. Tembelea Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyo karibu na stesheni kuu na yaliyoanza mwaka wa 1971. Utakutana na injini za mvuke za aina ya Garratt zilizopewa majina ya milima yetu. Zilijengwa 34 huko Manchester miaka ya 1950. Zimebaki mbili tu, zote ziko hapo. Nyingine zilikwenda, na kilichozifukuza kazini ni dizeli. Sasa dizeli nazo zinazeeka, na chuma chakavu kina wanunuzi. Injini ikishakatwa vipande, vipimo vyake vinakwenda nayo, isipokuwa kama kuna mtu aliyesimama na futi mkononi akaandika: mlango uko hapa, kishikio kiko hapa, feni ina mapanga mangapi. Anayejenga modeli analazimika kuandika hayo yote. Bila kutaka, anakuwa mtunza historia.

Italipa?

Sitakudanganya kwamba utakuwa tajiri kwa kutengeneza treni za meza. Kama kuna anayekuuzia ndoto hiyo, shika mfuko wako. Niliacha chuo karo iliposhindikana, na najua jinsi inavyoudhi kuambiwa na mtu aliyeshiba kwamba ujuzi tu unatosha. Hautoshi. Cheti bado kinafungua milango mingi, na kuna kazi ambazo sheria inadai leseni, kwa sababu nzuri. Kuwasha taa ya LED hakukupi ruhusa ya kuunganisha stima ya nyumba ya jirani.

Lakini kuna kitu kingine ambacho karatasi haiwezi kukupa, na ambacho vijana wengi wenye karatasi hawana: ushahidi kwamba mikono yako inamaliza kazi. Ukiweka injini uliyoijenga mbele ya mwenye karakana, ikaanza kutoka sifuri bila kuruka na kusimama pale ulipoiambia isimame, hana haja ya kukuuliza ulipata alama gani. Ataiinua na kutazama chini yake. Ataona kama waya zako zimechomelewa safi ama zimerundikwa. Atajua.

Ndiyo maana nawageukia wakubwa. Kaunti na maktaba zetu zina vyumba vinavyokaa bila mtu wikendi nzima. Vyuo vya ufundi vina mashine za kukata ambazo mwanafunzi huziona wakati wa mtihani. Shirika la reli lina chuo chake, lina makumbusho na lina injini zilizoegeshwa. Hatuombi jengo jipya la kuzinduliwa kwa utepe. Tunaomba meza moja, mita chache za reli ndogo, taa nzuri, mita ya kupimia stima, na ruhusa ya kijana yeyote, awe na kitambulisho cha mwanafunzi ama hana, kuingia Jumamosi na kupima injini zilizoegeshwa kabla hazijauzwa kwa kilo. Tukishindwa kutumia hiyo meza, tulaumiwe. Kwa sasa hatuwezi kulaumiwa kwa kutoifahamu dizeli ilhali tunaiangalia nyuma ya ua wenye mlinzi.

Wewe nawe usingoje wakubwa. Wikendi hii tafuta gari la kuchezea lililokufa, pale nyumbani ama kwa jirani mwenye watoto. Lifungue. Tafuta mota, tafuta gia, chora kwenye karatasi kinachozungusha kingine. Safisha, kisha uliunganishe na betri ya nguvu ndogo kuliko linavyotaka. Litakataa kusonga, ama litaruka. Hiyo ndiyo hali yako ya kuanzia, iandike na tarehe. Halafu badilisha kitu kimoja tu, na uliwashe tena.